Aliyewahi Ndiye Mteule

Mafundi wa mitandao nchini Kenya wana imani moja waliyoirithi darasani, na ni wachache waliowahi kuikalia kitako na kuihoji. Ruta kadhaa zikikutana kwenye swichi moja zikitumia itifaki ya OSPF, wanasema, hufanya uchaguzi, na mshindi ni yule mwenye nambari kubwa zaidi ya kipaumbele. Nambari hizo huanzia 0 hadi 255. Basi ukitaka ruta ya makao makuu ishike uongozi, iandikie 255, hifadhi, funga kabati, nenda zako.

Imani hii imejaa kwenye madaftari ya wanafunzi na hurudiwa kwenye mahojiano ya kazi kama sala. Sehemu yake ya kweli ni ndogo mno. Kipaumbele husikilizwa pale tu kiti kinapokuwa wazi. Kikishakaliwa, hata 255 haifui dafu.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa karibu aanzie Salama. Ni kituo cha biashara kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, upande wa Kilome katika Kaunti ya Makueni. Ukitoka Nairobi unapita kwanza Malili, lango la mji wa teknolojia wa Konza ambao Rais Mwai Kibaki aliuzindua Januari 2013, ndipo ufike Salama, kisha Sultan Hamud na Emali. Kwa msafiri hapo ni mahali pa chai na kunyoosha miguu. Kwa fundi ni ukanda wa faiba: tangu mkonga wa TEAMS ulipofika Mombasa Juni 2009 na SEACOM kuwashwa Julai mwaka huohuo, data inayotoka baharini hupanda kuelekea Nairobi kwa kufuata njia hii.

Tuseme shirika fulani lina ofisi nne: moja katika mji wa Wote, yaliko makao makuu ya kaunti na ya shirika lenyewe, na nyingine Emali, Sultan Hamud na Salama. Mtoa huduma amezifunga ofisi hizo kwenye VLAN moja, kwa hiyo ruta zake zinaonana kana kwamba zimechomekwa kwenye swichi moja chumbani. Ruta ya makao makuu ni dude la haja, limejaa kadi na feni, na limeandikiwa kipaumbele 255. Zile tatu ni vijisanduku vya kuweka juu ya meza, kila kimoja kikiwa na 1. Mtandao huu ni wa kutungwa. Tabia ya ruta zake si ya kutungwa.

Sasa stima inakatika. Hapo Wakenya hawahitaji kusimuliwa: usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, giza lilitanda karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta haukusalimika. Stima ikirudi, ruta zote nne zinaanza kuamka kwa pamoja, lakini haziamki kwa kasi moja. Kijisanduku cha Salama kinapakia programu yake chapuchapu. Kinaanza kutuma pakiti za Hello, moja kila baada ya sekunde 10, huku kikitega sikio kwa sekunde 40 kisikie kama kuna anayejitangaza kuwa teule. Kimya. Sekunde 40 zikiisha, kinajitwalia cheo. Emali inaamka, inasikia kwamba Salama imeshajitangaza na kwamba nafasi ya mteule wa akiba haina mtu, inaichukua bila hata kungoja sekunde zake 40 ziishe. Sultan Hamud inafuata na kukuta viti vyote viwili vina wenyewe. Mwisho kabisa, baada ya dakika kadhaa za kukagua kumbukumbu na kadi moja baada ya nyingine, dude la makao makuu linaingia na 255 yake kifuani. Linasoma Hello za wenzake, kisha linakaa nyuma, ruta ya kawaida sawa na ile ya Sultan Hamud.

Fundi aliyelelewa kwenye imani ya 255 akiona hivyo hudhani programu ina kasoro. Huipigia kampuni simu, hubadilisha kebo, huwasha na kuzima. Ukweli ni kwamba kila kitu kimekwenda kama kilivyoandikwa. Hati inayoeleza OSPF toleo la 2, yaani RFC 2328 iliyoandikwa na John Moy na kutolewa Aprili 1998, inaagiza kwamba ruta inayoingia kwenye mtandao na kukuta mteule yupo impokee, haidhuru kipaumbele chake chenyewe kikoje. Moy hata hakuficha gharama ya sheria hiyo. Anakiri palepale kwamba inafanya iwe vigumu kubashiri nani atakuwa mteule, ila inahakikisha cheo hakibadiliki mara kwa mara. Alikuwa na mambo mawili ya kuchagua na akachagua utulivu. Ni utaratibu wa stejini: gari jipya la viti vya ngozi likifika, haliling'oi lile kuukuu ambalo limeshaanza kupakia.

Kwa nini utulivu upewe thamani kubwa hivyo? Jibu limo katika kazi anayofanya mteule. Bila yeye, kila ruta ingelazimika kulinganisha hifadhidata yake na ya kila jirani. Ruta 10 kwenye swichi moja zingezaa jozi 45 za ulinganishaji. Ruta 20 zingezaa 190. Akiwapo mteule na wa akiba wake, kila ruta ya kawaida hulinganisha na hao wawili tu, na jozi hushuka hadi 17 na 37. Kitui, jirani wa Makueni, ina maeneobunge 8. Ukiweka ruta moja katika kila eneobunge na moja zaidi mjini Kitui, unapata jozi 15 badala ya 36.

Zaidi ya hayo, mteule ndiye anayetoa tangazo la sehemu nzima, linaloorodhesha ruta zilizomo, na tangazo hilo hubeba anwani yake yeye. Akibadilika, la zamani linafutwa na jipya linaandikwa, kila ruta kwenye sehemu hiyo inaandika upya tangazo lake, na kila ruta katika eneo zima la OSPF inarudia hesabu ya njia fupi aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. Hapo ndipo hoja ya 255 inapogeuka hatari. Laiti OSPF ingemruhusu mwenye nambari kubwa kupokonya kiti kila anaporejea, basi ruta ya makao makuu yenye stima inayocheza, inazima na kuwaka mara kadhaa kwa saa, ingewalazimisha majirani wote kubadili mteule kila inapodondoka na kila inapoinuka. Mgonjwa mmoja angelaza kijiji kizima.

Watetezi wa imani ya zamani hawakosi la kusema. Watauliza: kijisanduku cha Salama kitawezaje kubeba trafiki ya ofisi zote? Swali hilo linafichua kosa la pili, ambalo huenda ndilo mzazi wa lile la kwanza. Mteule habebi trafiki ya mtu yeyote. Mkaguzi wa hesabu aliyeko Emali akifungua faili iliyoko kwenye seva ya makao makuu, pakiti zake zinatoka ruta ya Emali na kuingia moja kwa moja kwenye ruta ya makao makuu kupitia VLAN. Salama haizioni wala haina habari nazo. Kinachopitia Salama ni habari za njia tu. Ruta yenye mabadiliko huyatuma kwa anwani 224.0.0.6, ambayo mteule na wa akiba ndio wanaoisikiliza, kisha mteule anayasambaza kwa 224.0.0.5, ambayo ruta zote za OSPF huisikiliza. Katika ramani ambayo kila ruta huichora kichwani, VLAN ile huonekana kama nukta iliyoko katikati, na gharama ya kutoka kwenye nukta hiyo kwenda kwa ruta yoyote ni 0. Mteule ameiazima nukta hiyo jina lake, basi.

Ndiyo, kuna kazi ya ziada. Kwa ruta nne haijulikani hata ipo. Zikifika makumi, kijisanduku dhaifu kinaweza kuelemewa na matangazo, na dawa ya hilo inakuja hapa chini. Lakini anayemchagulia mteule mashine ghali akidhani ndipo data itakapopita amenunua lori la kubebea bahasha.

Kosa la tatu ni dogo ila linachosha. Fundi akiorodhesha majirani wa ruta ya Sultan Hamud, skrini inamwonyesha FULL kwa Salama na Emali, na 2WAY kwa ruta ya makao makuu. Mara moja anadhani uhusiano wa Sultan Hamud na makao makuu umekwama njiani. Haujakwama. Ruta mbili za kawaida huishia hapo kwa makusudi: zinajuana, zinasalimiana, hazilinganishi hifadhidata. Ule upungufu wa jozi za mfano wa Kitui kutoka 36 hadi 15 unatokana na hiyo 2WAY anayotaka kuitibu.

Imani hii imetoka wapi, basi? Si ujinga wa mafundi. Kozi ileile inayofundisha OSPF hufundisha pia itifaki ya kuzuia mizunguko kwenye swichi, aliyoibuni Radia Perlman katikati ya miaka ya 1980, na huko swichi mpya yenye kitambulisho kidogo zaidi hutwaa uongozi papo hapo, hata kama aliyekuwapo ametawala mwaka mzima. VRRP, inayolinda lango la mtandao, nayo humpokonya aliyeko madarakani pale mwenye kipaumbele kikubwa anapotokea, usipoizuia. Mwanafunzi anayesoma hayo yote kwa muhula mmoja huchukua tabia ya itifaki mbili na kuivisha ya tatu. Kisha huja mtihani. Muhtasari wa CCNA ulioanza kutumika Februari 2020 unataja waziwazi uteuzi wa ruta kwenye mtandao wa OSPF, na swali la mazoezi linalopendwa huchora ruta nne na swichi, likaandika kipaumbele kando ya kila moja, na kuuliza: ipi itakuwa teule? Mwanafunzi anachagua nambari kubwa na kupewa alama zake.

Hata pale kiti kinapokuwa wazi kweli, nambari hiyo haina utukufu inaodhaniwa kuwa nao. Ruta za Cisco hutoka kiwandani na kipaumbele 1. Za Juniper hutoka na 128. Changanya chapa hizo mbili bila kugusa kitu, na Juniper itashinda kila uchaguzi wa haki bila mtu yeyote kuamua hivyo. Chapa ikiwa moja, kipaumbele kinakuwa sare, na sare huamuliwa na kitambulisho cha ruta: kikubwa kinashinda. Kitambulisho hicho kwa kawaida ni anwani ya IP. Wapangaji wengi wa anwani huanza kuhesabu kutoka makao makuu, wakayapa 10.0.0.1, kisha matawi yakafuata hadi kale ka mwisho kanakopata 10.0.0.9. Kwa mpango huo wa heshima, makao makuu hushindwa sare zote.

Yote haya yangekuwa mabishano ya kijiweni kama imani ya 255 isingekuwa na madhara. Inayo. Fundi akiingia asubuhi ya Jumatatu na kukuta Salama ndiyo teule, mkono unamwasha. Anatoa amri ya kuanzisha OSPF upya kwenye ruta ya Salama, saa tano mchana, watu wako kazini. Ofisi ya Salama inapoteza njia zake. Je, makao makuu yanapata kiti? Hapana: Emali, iliyokuwa akiba, inapanda cheo, na makao makuu yanapata nafasi ya akiba iliyoachwa wazi. Fundi anashangaa, anahamia Emali na kurudia amri ileile. Mtikisiko wa pili. Hapo ndipo dude linapokalia kiti, na skrini inasoma anavyopenda. Ameukata mtandao mara mbili kwa ajili ya kubadilisha jina la nukta, na stima ikikatika tena jioni, Salama itarudi pale pale.

Tena angeiachia itifaki nafasi angeona jinsi wa akiba alivyowekwa kwa busara. Wazo la mteule lilitangulia katika itifaki ya IS-IS, na waliotunga OSPF wakaliongezea kiti cha pili. Wa akiba hulinganisha hifadhidata na kila mmoja tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mteule akianguka hakuna haja ya kuanza ulinganishaji upya. Anapanda na kazi inaendelea. Kinachochelewesha ni kugundua tu kwamba mteule amekufa, jambo ambalo kwa mipangilio ya kawaida linaweza kuchukua sekunde 40 za kutosikia Hello. Anayetaka mtandao wake urudi upesi azipunguze sekunde hizo, au aweke BFD, itifaki ya kugundua upesi jirani aliyekufa. Kipaumbele hakimsaidii hata kidogo.

Kuna wanaoitolea mfano IS-IS yenyewe, ambayo humruhusu mwenye kipaumbele kikubwa kupokonya cheo, na wanauliza kwa nini OSPF isifanye vivyo hivyo. Wanalinganisha vitu visivyolingana. Kwenye IS-IS kila ruta ina uhusiano na kila jirani kwenye swichi, mteule hana wa akiba, na orodha kamili ya matangazo hurushwa tena kila baada ya sekunde 10 hivi. Kubadilisha mteule huko ni jambo jepesi. Kwenye OSPF uhusiano wenyewe umejengwa juu ya mteule na wa akiba, kwa hiyo kuwabadilisha ni kuujenga upya.

Hoja yao pekee yenye uzito ni ya utabiri: msimamizi ana haki ya kujua nani mteule wake, na kuna mahali ambapo ni lazima ajue. Mtandao wa matawi yanayoonana kupitia makao makuu peke yake, kama DMVPN, huvunjika tawi likiwa teule, kwa sababu matawi mengine hayalifikii moja kwa moja. Hilo ni kweli tupu. Lakini hata huko 255 si dawa, kwa sababu tawi likiwahi kuamka litakalia kiti vilevile. Dawa ni 0. Ruta yenye kipaumbele 0 haigombei, iwahi isiwahi, iwe peke yake au na wenzake. Yaandikie matawi 0, uache wawili unaowaamini wakiwa na nambari yoyote juu ya hapo. Angalizo ni moja: wote wawili wakizimika, hakutakuwa na mteule, na matawi yaliyobaki yatabaki kusalimiana tu bila kupeana njia. Kwa hiyo hao wawili wasilishwe na stima moja.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wa 255 hulipita bila kuligusa. Sehemu kubwa ya kazi ya faiba kwenye ukanda wa Salama haihitaji uchaguzi wowote. Kebo inatoka kwenye ruta moja na kuingia kwenye nyingine. Ruta ni mbili, na ya tatu haiwezi hata kujichomeka. Kwa kuwa lango ni la Ethernet, OSPF huichukulia kama swichi yenye wageni wengi na kuanzisha mchakato wote: kungoja sekunde 40, kuteua, kuweka akiba, kutoa tangazo la sehemu. Mstari mmoja wa maandishi unaoiambia kwamba hicho ni kiungo cha ncha mbili unafuta hayo yote. Hakuna kungoja, hakuna mteule, hakuna tangazo la ziada kwenye hifadhidata. Fundi aliyetumia saa nzima kupanga 255 na 254 kwenye kiungo cha aina hiyo amepanga viti kwenye chumba ambacho hakina mkutano.

Sehemu zenye ruta nyingi kwenye swichi moja zipo, ila si nyingi kama michoro ya darasani inavyodokeza. Maarufu kuliko zote nchini ni KIXP, kituo cha Nairobi cha kubadilishana trafiki kilichofunguliwa mwaka 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti muda mfupi baadaye, na kufunguliwa tena Februari 2002. Mitandao ya kampuni nyingi hukutana hapo, lakini hukutana kwa itifaki nyingine, BGP, na desturi ya vituo kama hivyo duniani ni kuwakataza wanachama kurusha Hello za OSPF kwenye swichi ya pamoja.

Wakufunzi wa Wote, wa Kwa Vonza kule Kitui na wa Nairobi wana njia rahisi ya kulimaliza suala hili. Mchoro wa ruta nne ubaki, nambari zibaki, na swali libaki lilivyo, ila liongezwe sentensi moja inayosema ruta zipi ziliwashwa kwanza na zipi baadaye. Bila sentensi hiyo, swali halina jibu, na mwanafunzi aliyeandika hivyo kwenye karatasi yake apewe alama zote.